Maji ya Kuzimia Chuma

Mkuyuni, Mwanza
4 Juni 1995

Baba, shikamoo.

Naandika nikiwa nimesimama, karatasi nimeiegemeza juu ya kabati la dawa, maana wagonjwa wamejaa mlangoni na Mama Mayala, yule muuza michembe ya viazi atakayekuletea barua hii, anataka kuwahi kivuko cha saa nane. Wiki iliyopita nilimleta Rose mwenyewe hapo nyumbani, lakini kwa haraka ile sikuwaeleza vizuri wewe na shangazi Dorcas, na tangu nirudi sijatulia. Kila nikimpima mtoto wa mtu, namwona wangu.

Rose ana damu asilimia arobaini na tano. Mtoto wa miaka mitano anatakiwa awe na sabini na kuendelea. Minyoo nimekwisha kumpa dawa yake. Kazi iliyobaki ni ya vile vidonge vyekundu kwenye bahasha. Mpe nusu kidonge kila siku baada ya chakula, na asinywe chai wakati huo kwa sababu chai inazuia dawa isiingie mwilini. Ndani yake mna chuma. Mwili hutengeneza damu kwa chuma, ndiyo maana mtu akipungukiwa anapauka na kuchoka ovyo.

Tarehe 30 Agosti anapimwa tena. Daktari wetu hapa zahanati, Mutayoba, ameniambia wazi kwamba akishuka chini ya thelathini na tano itabidi aongezewe damu ya mtu. Baba, mimi ni nesi, najua damu inapimwa, na mimi mwenyewe huwaambia watu hivyo kila siku. Lakini kwa ugonjwa huu uliotuingilia, sitaki mwanangu awekewe damu ya mtu nisiyemjua. Nataka ipande humo humo mwilini mwake. Hilo tu ndilo ninaloomba mwaka huu.

Ningekuwa na mtu wa kumwachia nikiwa zamu nisingewabebesha mzigo huu. Baba Rose, Venant, tangu aende machimboni hajaandika hata mstari. Mwambie Rose mama yake anakuja mwisho wa mwezi.

Mwanao,
Paskazia


Kamanga
11 Juni 1995

Mwanangu Paskazia, marahaba.

Sisi wazima, na bosi wako mdogo ni mzima kuliko sisi. Jana amemfukuza bata wa shangazi yako mpaka ziwani. Bata akaingia majini, yeye akabaki ufukweni anamtukana kwa Kisukuma. Sijui nani kamfundisha.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Nilipofika pale kwenye chuma nilicheka peke yangu mpaka Dorcas akatoka jikoni kuja kunitazama. Miaka arobaini na nane nimefua chuma. Baba yangu alifua, babu yangu alikiyeyusha mwenyewe kutoka kwenye mawe. Leo mtu anakwenda mnadani ananunua jembe la ng'ambo, jepesi kama sahani, kwa kuwa siku hizi ni soko huria na kila mwenye mtaji analeta anachotaka. Langu linabaki limetundikwa ukutani. Moto nawasha mara moja kwa wiki, na wiki nyingine hata hiyo mara moja hakuna. Halafu binti niliyemsomesha kwa majembe hayo hayo ananiandikia kwamba mjukuu wangu anahitaji chuma! Ningekuwa kijana ningeruka.

Sasa nieleze vizuri, maana mimi kusoma nimejulia kwenye elimu ya watu wazima na mambo ya dawa sikufundishwa. Chuma cha kwenye vidonge ni hiki hiki ninachokijua mimi, au ni kingine?

Nusu kidonge anameza. Anapenda utamu wa juu, akifika katikati anakunja uso.

Baba yako,
Ndalahwa


Mkuyuni
18 Juni 1995

Baba, shikamoo.

Umenichekesha, na nilikuwa nahitaji kucheka. Ndiyo, chuma ni chuma, hiki hiki, ila cha vidonge kimetengenezwa ili tumbo likipokee. Usije ukamsagia mtoto jembe! Wala wazee hawakukosea sana. Si unakumbuka marehemu mama alivyokuwa akituchotea maji ya kuzimia chuma chenye moto kwenye hori la karakana, kikombe kikombe, kabla hatujaenda shule, eti tupate nguvu za wafua chuma? Yalikuwa na ladha ya msumari. Tulikunywa na hatukufa, tena mimi niliwashinda mbio wote wa darasa la nne.

Vidonge visikosekane hata siku moja. Na uvifungie, Rose asivifikie, kwa sababu mtoto akivila vingi akidhani ni pipi vinaweza kumuua.

Mwisho wa mwezi sitakuja. Mwenzangu amejifungua, nimebaki na zamu zote, na zahanati hii ni ya mtu binafsi. Ukikosa siku mbili anaajiri mwingine. Naona haya kukuandikia hivyo baada ya kuahidi.

Rose ananitaja?

Paskazia


Kamanga
2 Julai 1995

Mwanangu, marahaba.

Anakutaja kila akiona kivuko. Kikitia nanga anakimbilia njiani, kikiondoka anarudi na kuendelea na michezo yake. Usijisumbue moyo.

Mashavu yameanza kurudi. Vidonge nimevifungia kwenye sanduku la nyundo na ufunguo naulalia. Tukienda hivi, mwezi wa nane huyo Mutayoba wako atashika kichwa. Kuna jambo na mimi nafanya kwa upande wangu. Usiniulize, utaona matokeo.

Kazi hakuna. Mwezi wote wa sita nimefua visu vitatu na kunyoosha ufagio wa chuma wa mwalimu.

Ndalahwa


Mkuyuni
21 Julai 1995

Baba, shikamoo.

Siku kumi na tisa bila barua. Mara mbili nimeteremka hadi kwenye maegesho ya kivuko na sare yangu ya kazi, nasimama naangalia wanaoshuka, halafu narudi mbio kabla mwenye zahanati hajanitafuta.

Mama Mayala ananiambia Jumatano alimkuta Rose amelala kivulini saa tano ya asubuhi, bata wanampita na yeye hainui hata kichwa. Mtoto aliyekuwa anawafukuza mpaka ziwani! Baba, nini hicho? Kama ni unyonge wa damu, basi nusu haimtoshi. Mpe kidonge kizima kuanzia leo.

Na hilo jambo unalofanya ni lipi? Nimejaribu kutouliza, nimeshindwa. Leo nimekosea kuandika kadi mbili za wagonjwa, na chakula kinanishinda.

Paskazia


Kamanga
25 Julai 1995

Mwanangu, marahaba.

Mama Mayala auze michembe yake, aache kuhesabu usingizi wa watoto wa watu. Rose alikuwa na tumbo kidogo, likamlegeza. Limepita. Kidonge kizima anapewa tangu barua yako ilipofika, kama ulivyoagiza. Choo kimekuwa cheusi kama lami. Shangazi yako anaogopa, mimi nimemwambia ni chuma kinapita. Si ndivyo?

Jambo langu ni la nyumbani tu, la kumtia mtoto nguvu. Wewe fanya kazi.

Ndalahwa


Mkuyuni
27 Julai 1995

Baba,

Choo cheusi ni cha vidonge, hapo umesema kweli, wote wanaovimeza huwa hivyo. Lakini tumbo gani? Limemlegeza siku ngapi? Ana homa? Mguse tumboni na shingoni kwa mgongo wa mkono, uniandikie ulichokikuta, si kile unachotaka nikisikie.

Nimemwonyesha Daktari Mutayoba barua yako. Mhaya yule hana haraka, alivua miwani kwanza, akaifuta, mimi nasubiri roho mkononi. Akaniambia kwamba wadudu wa maradhi nao wanataka chuma ili wazaliane, kama sisi tunavyokitaka kwa damu. Ndiyo maana mwili ukishikwa na homa huficha chuma chake, kama mama anavyoficha unga wezi wakiingia. Sasa ukimmiminia mwenye homa vidonge vya chuma, wale wezi unawafungulia ghala. Kwanza inatibiwa homa, chuma kinafuata baadaye. Sijui kama chuoni nilifundishwa nikasahau, au sikufundishwa kabisa. Ninachojua ni kwamba aliyeandika kidonge kizima ni mimi.

Kama Rose ana homa, acha vidonge leo hii. Mpe maji yaliyochemshwa, yenye chumvi na sukari. Mpelekeni zahanati ya huko, msinisubiri. Nimeomba ruhusa, nimeambiwa mpaka Jumatatu. Niambie ukweli, baba, nakuomba kwa magoti.

Paskazia


Kamanga
29 Julai 1995

Kwa Paskazia, mtoto wa kaka yangu.

Mimi ni shangazi yako Dorcas. Kuandika sijui. Anayeandika ni mwinjilisti Maige wa kanisani kwetu, na nimemwambia asipunguze neno wala asiongeze. Kaka yangu hajui kama barua hii ipo.

Mtoto ana homa, leo ni siku ya kumi na mbili. Inapanda jioni, inapungua kidogo asubuhi, halafu inapanda tena. Tumbo limejaa. Haongei, anatazama tu. Vidonge tumeviacha jana barua yako ilipofika. Zahanati ya huku tulikwenda, tukaambiwa mganga amekwenda semina.

Sasa sikiliza la pili. Kila asubuhi tangu mwezi wa sita, kaka anampa mtoto kikombe cha maji ya kuzimia chuma, yale ya kwenye hori la karakana. Anasema wewe mwenyewe uliandika kwamba mlikunywa mkapata nguvu. Alinisomea, kweli yapo maneno hayo. Nilimwambia, kaka, wakati ule karakana iliwaka kila siku. Mkeo alikuwa akilimwaga hori na kulisugua, anajaza maji mapya, na wewe alfajiri ukizima majembe kumi maji yanatokota, ndipo watoto wanayapata. Sasa hivi unazima kisu kimoja kwa wiki, maji yale yale yamekaa humo tangu mvua, na bata wangu wanaoga. Alinijibu kwamba mimi chuma sikijui.

Usidhani hampendi. Amekaa pembeni ya kitanda siku zote hizi, ugali anausogeza tu. Homa hakukuandikia kwa sababu aliogopa utakuja kumchukua mtoto. Mimi nasema njoo umchukue.

Shangazi yako,
Dorcas


Hospitalini, Mwanza
4 Agosti 1995

Baba,

Jumatatu nilipokuja kumbeba Rose sikukuamkia wala sikusema neno, na wewe hukusema. Sasa nasema.

Ni homa ya matumbo, na imetoka kwenye yale maji. Damu yake ni asilimia ishirini na nane. Ni wiki nzima sasa hajameza kidonge na choo bado ni cheusi. Daktari wa wodi akaniuliza mbele ya wenzangu, "Wewe si nesi? Hukujua kwamba utumbo unavuja damu?" Mliniambia cheusi, nikasema ni chuma, nikaridhika. Kumbe damu yenyewe niliyokuwa naitafuta ndiyo ilikuwa inatoka.

Shangazi anasema umesema nilikuruhusu. Nilikuwa nafanya mzaha, baba! Nilikukumbusha mambo ya mama ili ucheke, basi. Tena uliponiona niko mbali, ukakaa na homa ya mwanangu siku kumi na mbili kama mtu aliyekalia barua ya mwenzake. Ungeandika neno moja tu, homa, mimi nisingeandika kidonge kizima. Kidonge kile ni dhambi yangu na nitaibeba. Lakini nilipewa na wewe.

Usije hapa. Akifumbua macho sitaki wewe uwe mtu wa kwanza kumwona.

Paskazia


Hospitalini
5 Agosti 1995, saa moja asubuhi

Baba, njoo.

Karatasi hii nimempa Mama Mayala mkononi, anavuka na kivuko cha kwanza. Rose ameshuka hadi ishirini na mbili. Lazima aongezewe damu leo. Yeye ni O, mimi ni A, yangu haimfai, na chupa ya O leo hakuna. Kwenye kadi yako ya ule upasuaji wa ngiri waliandika O, nakumbuka.

Niliyoandika jana yasahau, au usiyasahau, lakini njoo.

Paskazia


Kamanga
13 Agosti 1995

Mwanangu Paskazia,

Siku ile mlangoni mwa wodi uliniamkia, na mimi kwa kuhema sikuitikia. Marahaba.

Nataka nikuandikie yote kwa mpangilio, maana pale hospitali tulikuwa tunazungumza kama watu wanaopokezana mzigo, shika hapa, weka pale. Karatasi zako mbili zilinifikia siku moja, ile ya kunikataza na ile ya kuniita, zote kwa Mama Mayala. Nilisoma ya kuniita kwanza. Ya pili niliisoma kivukoni, na kama kivuko kingekuwa kinarudi nyuma pengine ningerudi nacho. Kila ulichoandika ni kweli. Ni kweli nilijua homa ni homa. Nilikuwa nimekaa pembeni yake anawaka kama kaa, nami naandika kwamba limepita. Shangazi yako amekwambia niliogopa utamchukua. Alisema kwa upole. Mimi niliona kwamba akiondoka, pale karakana nitabaki na majembe ukutani na hakuna mtu duniani anayehitaji kitu nilicho nacho. Ndiyo sababu, hakuna nyingine.

Nilipokaa kwenye benchi la watoa damu, nikawasikia wenzangu wakisema kwamba mwisho wanachukua ni miaka sitini. Mzee mmoja alikuwa amekwisha kurudishwa. Yule binti mwenye daftari alipofika kwangu akauliza, "Mzee, una miaka mingapi?" Nikamwambia hamsini na nane.

Wewe ulikuwa umesimama pale pale, umeshika kadi ya Rose. Mwaka niliozaliwa unaujua, ndiye uliyenijazia fomu ya ngiri. Ulinitazama. Nikasema moyoni, sasa atanitoa, na ana haki. Halafu ukageuka ukaangalia ukutani, pale palipobandikwa picha ya chanjo, ukaiangalia kana kwamba hujawahi kuiona.

Najua hukuwa umenisamehe. Nilitaka tu ujue kwamba nilikuona.

Walinipima hayo maradhi ya siku hizi, wakasema niko safi, wakanilaza. Nilidhani itatoka nyekundu kama ya kuku, kumbe ni nzito na inakaribia weusi. Chupa ilipojaa niliomba niione. Nikamuuliza yule binti kama kweli mle ndani mna chuma. Akacheka, akasema, "Mzee, bila hicho ingekuwa nyekundu kwa nini?" Nikajifanya nafuta jasho, maana machozi yalikuwa yananitoka na sikutaka anione.

Uliniruhusu nimguse mguu usiku... hapana, ilikuwa karibu na magharibi, damu ilikuwa bado inaingia. Ulikuwa wa baridi. Alhamisi nilipokuja kuaga nikaugusa tena, ukawa wa joto, joto la kawaida la mtoto. Aliniita babu. Kisha akaomba uji, akauonja, akaukataa kwa sababu hauna sukari. Pale ndipo nilipoamini kwamba anapona. Dorcas nimemsimulia mara nne na bado anataka.

Sikuombi umrudishe huku. Ukisema nisimwone mpaka mwakani nitakubali. Ninaomba jambo moja. Tuandikiane kila wiki, hata mistari mitatu, na kila mmoja aandike kilichopo. Habari za kupaka mafuta tuziache, mimi na wewe zimetutosha.

Wacha nianze mimi. Tangu nitoe damu, nikisimama kichwa kinazunguka na macho yanaingia giza. Jana nimeanguka nikitoka kisimani. Goti limevimba. Shangazi yako nimemdanganya kwamba nilijikwaa, na mpaka saa hii ninapoandika bado anaamini hivyo.

Baba yako,
Ndalahwa, miaka sitini na sita